Kiapo, Shamba na Daktari wa Mathari

Ukitoka Nakuru mjini kwa matatu ya Olenguruone, ukapita Njoro, Molo na Keringet, baridi ndiyo itakayokwambia kuwa umekaribia. Abiria hufunga madirisha, akina mama huvuta shuka mabegani, na ukungu huteremka kutoka msitu wa Mau mchana kweupe. Mahindi ya huko hukawia shambani kuliko ya Bahati au Subukia. Watu hutegemea zaidi viazi, chai na maziwa. Mgeni asiyejua historia hawezi kudhani kuwa hapa, katika miaka ya 1940, palitokea jambo ambalo serikali ya kikoloni ilikuja kuliita maradhi ya akili ya kabila zima.

Nimeifuatilia habari hii kwa muda mrefu kwa sababu inagusa vitu viwili ambavyo sisi watu wa Bonde la Ufa huvizungumza kwa sauti ya chini: shamba na wazimu. Na kadiri ninavyoifuatilia ndivyo ninavyosadiki kwamba wagonjwa walitafutwa upande usiokuwa wao. Watu wa Olenguruone walikuwa na dai linaloweza kuelezwa kwa ekari na vichwa vya ng'ombe. Imani iliyokataa kusikia ushahidi ilikuwa imekaa kwingine, na ilikuwa na muhuri wa daktari.

Tuanze na mifugo, maana ndiko mambo yalikoanzia. Wamasai walikwisha kuhamishwa kutoka sehemu kubwa ya bonde kwa mikataba ya 1904 na 1911, na walowezi wakapewa nchi kutoka Naivasha hadi Njoro na kuendelea. Lord Delamere alijikita Njoro, kisha Soysambu kando ya Ziwa Elmenteita. Ardhi walikuwa nayo tele, ila mikono ya kuilima haikutosha. Familia za Kikuyu kutoka Kiambu, Murang'a na Nyeri zikaja na mbuzi wao, zikakubaliana na setla, yaani mlowezi: baba afanye kazi shambani, na familia ilime sehemu yake na kulisha mifugo yake. Wakaitwa maskwota. Sheria ya 1918 ilimtaka kila skwota afanye kazi ya setla siku zisizopungua 180 kwa mwaka.

Kwa miaka kadhaa mpango ulizifaa pande zote mbili. Skwota mwenye bidii aliweza kufuga kundi kubwa kuliko ndugu yake aliyebaki kwao, na mtoto aliyezaliwa Elburgon hakujua nyumbani kwingine. Kisha setla akaanza kuwaona ng'ombe wa skwota kama hatari. Wanamaliza nyasi, wanaleta maradhi kwa ng'ombe wa kizungu, na zaidi ya yote wanampa mfanyakazi kiburi cha kukataa mshahara mdogo. Miaka ya 1920 ukaja msako wa kupunguza mifugo hiyo. Maskwota wenyewe wakaupa jina la Kiswahili, kifagio. Sijui neno jingine la enzi hizo linaloeleza mengi kwa silabi chache hivyo. Kilichofagiwa ni mahari ya kijana, maziwa ya mtoto na akiba ya mzee, vyote kwa zoezi moja.

Sheria ya 1937, iliyoanza kutumika 1940, ikakaza kamba. Halmashauri za wilaya, zilizokuwa mikononi mwa walowezi, zikapewa uwezo wa kuamua skwota afuge nini, alime kiasi gani na afanye kazi siku ngapi. Siku 180 zikawa 240, kwingine 270. Mwaka 1946 maskwota wengi wa Naivasha walikataa kutia sahihi mikataba mipya. Aliyekataa alifukuzwa, na aliyefukuzwa aliambiwa arudi kwao, kwenye hifadhi ya Wakikuyu iliyokwisha kujaa watu, ambako pengine babake alikwisha kupoteza haki ya shamba kabla yeye hajazaliwa.

Olenguruone ilikusudiwa kuwa dawa ya tatizo hilo. Kundi la Wakikuyu waliokuwa wakiishi upande wa Umasaini lilihamishwa, na kufikia 1941 serikali ikawa imewapa makazi kule juu, katika nchi yenye jina la Kimasai iliyopakana na misitu ambayo Waogiek waliishi kabla ya wote hao. Ugomvi ulizuka karibu mara moja, na ulikuwa ugomvi wa tafsiri. Serikali ilisema: nyinyi ni wakazi wa mpango wetu, mtakaa kwa masharti yetu. Wao wakasema: hii ni fidia ya ardhi yetu iliyochukuliwa Kiambu, kwa hiyo ni githaka, shamba la ukoo, na mwenye githaka hapewi masharti na mtu. Serikali ikaleta kanuni za namna ya kupanda, mahali pa kulisha, miteremko isiyolimwa, na nani arithi. Wao, wakiongozwa na watu kama Koina Gitibi, wakakataa kuzitia sahihi.

Hapo ndipo kiapo kinapoingia. Kwa desturi ya Wagikuyu, kiapo kikuu kilikuwa cha wanaume wazima, mchana, mbele ya wazee, kwa ajili ya kumaliza kesi ngumu. Chama cha KCA (Kikuyu Central Association) kilikuwa na kiapo chake cha uaminifu, ambapo mwapaji alishika Biblia mkono mmoja na udongo mkono wa pili. Baadaye nyama ya mbuzi ikachukua nafasi ya Biblia. Uutazame huo udongo kwa karibu. Anayeapa kwa udongo anakishika kile anachokidai. Ni baridi kiganjani, unaingia chini ya kucha, na akienda kunawa mikono bado anauona. Watu wa Olenguruone, kuanzia 1943 hivi, walifanya lisilowahi kufanywa: waliapisha jamii nzima, wanaume, wanawake na watoto, kwamba watasimama pamoja na hawatatia sahihi.

Wazee wengine walishtuka. Mwanamke kula kiapo! Mtoto kula kiapo! Lakini fikiria mantiki yake. Kanuni za serikali zilimgusa mama anayepanda viazi na mtoto atakayerithi, wala hazikuishia kwa baba. Ikiwa wote watafukuzwa, basi wote waape. Katika historia ya kisiasa ya Kenya sioni uamuzi wa kijiji uliofikiriwa kwa makini kuliko huo.

Serikali ilikwenda mahakamani, ikashinda, ikaanza kutekeleza. Mwaka 1949 na 1950 nyumba zilichomwa, mimea ikaharibiwa, mifugo ikakamatwa, na watu wakapakiwa kwenye malori. Wengi walipelekwa Yatta, Ukambani, kwenye joto na ukame, mbali na ukungu wa Mau. Walitunga nyimbo njiani, na habari yao ikatangulia mbele yao. Kiapo cha umoja kilichozaliwa Olenguruone kikaenea kwa maskwota wa Bonde la Ufa na kwa watu wa Kiambu.

Wakati hayo yakitokea, kulikuwa na nyumba nyingine Nairobi ambamo mambo yaliandikwa kwa namna tofauti kabisa. Hospitali ya Mathari ilikuwa imefunguliwa 1910 kama kituo cha kuwafungia wendawazimu, na jina la Mathari ilipewa 1924. Katika miaka ya 1930 iliongozwa na Daktari H. L. Gordon, aliyeamini kwa dhati kwamba ubongo wa Mwafrika ni duni kwa maumbile. Mwaka 1933 yeye na wenzake waliunda chama cha kuchunguza namna ya kuboresha mbegu za watu katika koloni. Mwenzake, F. W. Vint, alipima bongo 100 za maiti Waafrika na mwaka 1934 akachapisha matokeo: kwa maoni yake, ubongo wa mwanamume mzima wa Kenya ulikuwa umefikia kiwango cha mtoto wa kizungu wa miaka 7 au 8.

Bongo mia moja. Za watu waliofia hospitalini, katika koloni ambako njaa, malaria na minyoo ilikuwa hali ya kila siku kwa maskini. Kutoka hapo akaruka moja kwa moja hadi kwenye hukumu juu ya mamilioni ya walio hai.

Wanasaikolojia wana jaribio ninalolipenda kwa sababu linatumia shanga, kitu tunachokijua. Kuna mitungi miwili. Mmoja una shanga 85 za rangi moja na 15 za rangi nyingine. Wa pili una hesabu hiyo hiyo kinyume. Mtafiti anachomoa shanga moja moja kutoka mtungi mmoja uliofichwa, na mtu anatakiwa kusema ni mtungi upi. Anaweza kuomba shanga nyingi kadiri atakavyo. Mwaka 1988 watafiti wa London, akiwemo Philippa Garety, walionyesha kwamba watu wenye imani za ugonjwa, wale wanaosadiki kwa mfano kwamba wanafuatwa au wanatiliwa sumu, huwa na mwelekeo wa kuamua baada ya shanga chache sana. Akili inarukia mwisho. Ushahidi mdogo unatosha, na uamuzi ukishafanyika haubanduki kwa urahisi.

Kila ninaposoma kuhusu Vint na bongo zake mia, nakumbuka shanga hizo. Simwiti mgonjwa. Nasema tu kwamba ugonjwa wa kuharakisha hukumu hauhitaji mgonjwa. Mtu mzima wa afya, mwenye cheo na wenzake wanaomuunga mkono, anaweza kuufanya kazi yake ya maisha.

Baada ya Gordon alikuja John Colin Carothers. Alikuwa daktari wa kawaida wa serikali Kenya tangu 1929, na alipokabidhiwa Mathari mwaka 1938 hakuwa amesomea magonjwa ya akili. Alijifunza kazini, na mafunzo rasmi aliyafuata baadaye. Kutokana na wagonjwa wa wodi zake aliandika kwamba wazimu ni haba kwa Waafrika wanaoishi vijijini kwao, na huongezeka kwa walioondoka kwenda kufanya kazi kwa wengine. Mtu wa Nakuru angemweleza sababu moja kwa dakika mbili. Mgonjwa aliye kwao hutunzwa na mamake, hupelekwa kwa mganga, hufungiwa zizini siku mbaya zikija, na jina lake halifiki Mathari kamwe. Mgonjwa aliye kwenye shamba la setla, asiye na mama karibu, akipiga kelele usiku hukamatwa na polisi. Daktari alihesabu waliokamatwa akadhani amehesabu waliougua.

Mwaka 1951 aliandika kwamba Mwafrika wa kawaida anafanana na Mzungu aliyekatwa mishipa ya sehemu ya mbele ya ubongo. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani likamchapishia kitabu kizima juu ya akili ya Mwafrika katika afya na maradhi. Wakati huo alikuwa ameshaondoka Kenya, na Kenya ilikuwa inawaka.

Hali ya hatari ilitangazwa na Gavana Evelyn Baring tarehe 20 Oktoba 1952 ili kuzima Mau Mau, uasi ulioendeshwa kwa viapo. Tarehe 24 Januari 1953, huko Kinangop, Roger na Esme Ruck waliuawa pamoja na mtoto wao Michael wa miaka 6, na watu waliowatumikia walihusishwa. Mauaji hayo yalikuwa ya kikatili, na mtoto yule hakuwa na deni la ardhi kwa mtu yeyote. Muda mfupi baadaye walowezi wapatao 1,500 waliandamana hadi Ikulu ya Nairobi, na Michael Blundell, kiongozi wao na mkulima wa Subukia, alilazimika kuwatuliza. Tarehe 26 Machi wapiganaji wa Mau Mau walivamia kituo cha polisi cha Naivasha, wakachukua silaha na kuwafungulia wafungwa 173.

Adhabu ya Bonde la Ufa ilikuwa tayari imeanza. Makumi ya maelfu ya Wakikuyu waliondolewa mashambani mwa walowezi na kurudishwa hifadhini, waliokula kiapo na wasiokula. Kambi za kupitia ziliwekwa Nakuru, Gilgil na Thomson's Falls, ile tunayoiita Nyahururu. Mtu aliyezaliwa Njoro, akaoa Njoro, akazika wazazi wake Njoro, aliambiwa anarudishwa kwao.

Mwaka 1954 serikali ya Kenya ilimwalika Carothers aje aeleze kinachotokea. Akaandika kijitabu kuhusu saikolojia ya Mau Mau, kikapigwa chapa na mchapaji wa serikali Nairobi mwaka huo huo. Maelezo yake kwa ufupi: Mkikuyu amekatwa na mila zake kabla hajashika za Kizungu, hofu imemjaa, ni msiri kwa sababu ya maisha ya msituni, na viapo vimeuteka moyo wake. Alishauri watu wakusanywe vijijini. Sera hiyo ilitekelezwa, na kufikia mwisho wa 1955 zaidi ya watu milioni 1 wa Kikuyu, Embu na Meru walikuwa wamewekwa katika vijiji vyenye mahandaki na seng'enge. Ukitafuta kifagio cha miaka ya 1920 katika maelezo ya namna hiyo, au siku 270, au malori ya Yatta, utaona jinsi vinavyosukumwa pembeni. Dai la shamba likishafanywa dalili, hakuna haja ya kulijibu. Daktari hajibu homa, anaiteremsha.

Sasa tuulize kwa haki kabisa: imani ya ugonjwa ni nini? Kiswahili chetu kinatutatiza hapa, kwa sababu "imani potofu" tunalitumia kwa kila kitu, kuanzia ushirikina hadi uvumi wa sokoni. Madaktari wana maana finyu zaidi. Karl Jaspers, Mjerumani, aliweka alama tatu mwaka 1913: mwenye imani hiyo ana yakini isiyo ya kawaida, habadiliki kwa hoja wala ushahidi, na anachokiamini hakiwezekani. Mwongozo wa Marekani wa magonjwa ya akili, wa mwaka 2013, unaongeza sharti muhimu: imani ambayo watu wa jamii ya mtu huyo wanaikubali kwa kawaida haihesabiwi kuwa ugonjwa.

Sharti hilo lina busara. Sisi Nakuru tunaishi chini ya Menengai, mlima ambao Wakikuyu huuita Kirima kia Ngoma, mlima wa mashetani. Wapo wanaosadiki kwamba kuna roho ndani ya lile shimo, na wapo wanaoingia mapangoni mle kufunga na kuomba siku kadhaa. Hakuna anayeugua kwa hayo. Lakini kijana akija akasema Menengai inamtaja kwa jina, yeye peke yake, na kwamba majirani wamewekwa na Menengai kumchunguza, mamake ataanza kulia, na Wakristo wenzake wa mapangoni watajua haraka kuliko daktari kwamba hilo si jambo la kanisa.

Basi pima kiapo cha Olenguruone kwa alama hizo. Waliamini kwamba ardhi yao ilichukuliwa: ilichukuliwa. Waliamini kwamba serikali itawafukuza: iliwafukuza. Waliamini kwamba wakiapa wote watasimama pamoja: walisimama pamoja kwa miaka mingi. Ukitaka kubishana nao utabishana juu ya tafsiri ya mkataba, kama wanavyofanya mawakili kila siku katika mahakama ya Nakuru.

Kisha pima imani ya upande wa pili. Kwamba mwapaji ameacha kuwa mtu kamili. Kwamba kiapo kina nguvu ya kuibadilisha akili daima, isipokuwa kitolewe kwa kukiri na kutakaswa. Serikali ililipa watu kuendesha viapo vya kupinga viapo. Ndani ya kambi za kizuizini wafungwa waligawanywa kuwa weupe, wa kijivu na weusi, kulingana na kiasi walichokwisha "kutapika". Hapa ndipo ninapoona jambo linaloumiza: mkulima wa Olenguruone alikitumia kiapo kama tunavyotumia sahihi na ushahidi, lakini serikali ya Ulaya yenye maabara na vyuo ndiyo iliyokiogopa kama uchawi. Na hofu hiyo iligharimu maisha. Katika miaka yote ya vita walowezi waliouawa walikuwa 32. Waliotundikwa kitanzini kwa amri ya mahakama walizidi 1,000. Kule Hola, tarehe 3 Machi 1959, wafungwa 11 walipigwa hadi kufa kwa sababu walikataa kufanya kazi.

Kwa sharti la mwongozo, walowezi hawakuwa wagonjwa. Imani yao ilikuwa imani ya jamii yao. Ilisemwa kanisani, klabuni, kwenye magazeti yao na katika vitabu vya madaktari wao. Nalikubali hilo. Lakini linaonyesha upungufu mmoja wa sharti lenyewe: linamlinda yule ambaye kundi lake ndilo lenye kalamu. Mwaka 1877 Wafaransa wawili, Lasègue na Falret, walieleza jinsi mtu mmoja mwenye nguvu ndani ya nyumba anavyoweza kumwambukiza mwenzake imani ya ugonjwa, na kwamba ukiwatenganisha yule wa pili mara nyingi hupona. Nyumba ya walowezi haikutenganishwa na mtu hadi uhuru wa 1963. Frantz Fanon, daktari wa akili aliyefanya kazi Algeria, alimkosoa Carothers kwa jina katika kitabu chake cha 1961, akionyesha kwamba mtu anayekataa kutawaliwa alikuwa anaandikiwa ugonjwa.

Olenguruone haikuwa peke yake. Elijah Masinde, mwanzilishi wa Dini ya Msambwa kwa Wabukusu, alipopinga amri za serikali alipelekwa Mathari mwaka 1945, akakaa hadi 1947. Alipotoka aliendelea pale alipoachia. Lukas Pkech aliipeleka dini hiyo kwa Wapokot, na tarehe 24 Aprili 1950, huko Kolloa, Baringo, wafuasi wake walikutana na kikosi cha serikali. Maofisa 3 Wazungu na askari 1 Mwafrika walikufa, na Wapokot 29, Pkech akiwa miongoni mwao. Wafuasi wale waliamini kwamba risasi hazitawadhuru, kama walivyoamini wapiganaji wa Maji Maji kusini mwa Tanganyika mwaka 1905. Hapa siwezi kusema imani yao ililingana na ushahidi. Haikulingana, na iliwaua. Hata hivyo ilikuwa imani ya watu waliokosa kila kitu kingine cha kujikinga nacho, na waliishika pamoja, kwa maombi, mchana. Wodi ya Mathari haikuwa jibu lake.

Na sasa niwaseme wale ambao historia hii iliwasahau kabisa: wagonjwa wenyewe. Maana imani za ugonjwa zipo, na zinatesa. Huvaa nguo za wakati wake. Mwaka 1810 London ilisoma habari za James Tilly Matthews, mgonjwa wa hospitali ya Bethlem, aliyesadiki kwamba wahalifu wanaendesha mtambo wa hewa uliofichwa unaoelekeza mawazo yake. Huo ulikuwa wakati wa viwanda vipya. Kijana wa Nakuru leo atakwambia simu yake inasoma mawazo yake, au jina lake limetajwa katika habari za saa moja kwa maneno ya mafumbo. Hapati usingizi. Haoni raha ya chakula, kwa sababu anadhani kina kitu. Anamshuku dadake anayempikia, na dada anapika huku analia.

Familia nyingi husubiri miaka kabla ya kumpeleka hospitali, na siwezi kuzilaumu tu. Jina la Mathari tulilirithi kama tusi. Watoto hutaniana nalo shuleni. Kwa babu zetu palikuwa mahali ambapo serikali ilimpeleka asiyetii, na mahali ambapo daktari aliandika kuwa sisi sote tuna ubongo wa mtoto. Woga huo una chanzo cha kweli. Lakini leo dawa zipo, na mgonjwa anayeanza matibabu mapema ana nafasi kubwa zaidi ya kurudi kazini na nyumbani. Nakuru ina wodi ya magonjwa ya akili katika hospitali kuu ya kaunti. Mtu wa Molo au Gilgil hana haja ya kuanzia Nairobi. Sheria ya afya ya akili ilirekebishwa mwaka 2022, ikazitaka kaunti zibebe wajibu wao na ikampa mgonjwa haki ya kusikilizwa kuhusu matibabu yake. Haki hiyo ya kusikilizwa ndiyo hasa waliyonyimwa watu wa Olenguruone, ambao hawakuwa wagonjwa, na wagonjwa wa Mathari, ambao walikuwa.

Tarehe 6 Juni 2013 serikali ya Uingereza ilisimama bungeni London ikaeleza majuto yake kwa mateso ya kambini, na ikakubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa Wakenya 5,228 waliodai. Fedha hizo zilikuwa za kupigwa na kuteswa. Ile hukumu kwamba walikuwa wendawazimu haikuwekewa bei.

Mtoto aliyekula kiapo Olenguruone mwaka 1944 akiwa na miaka 7 sasa anakaribia miaka 90. Wachache wako Nakuru, Bahati, Elburgon, Kiambu na Yatta, na kila mwaka wanapungua. Ikiwa mmoja wao yumo katika ukoo wako, mwendee wiki hii, umwamkie, ukae karibu na sikio lake, umwombe akusimulie alichokishika mkononi siku ile na alichokielewa. Kisha uyaandike kwa maneno yake mwenyewe, kwa Kikuyu au kwa Kiswahili, kama alivyoyasema.